Kindu hadi Kinshasa kwa ndege ni kama saa mbili. Baba yangu alitumia zaidi ya miaka mitano

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Juzi kuna member aliuliza: kutoka Kindu mpaka Kinshasa ni umbali gani kwa ndege, na safari inachukua muda gani? Watu wawili watatu wakamjibu, mmoja akamwambia agoogle, uzi ukafa.

Mimi ni mzaliwa wa Kindu, mkoa wa Maniema, Kongo. Kwa sasa naishi Dar kikazi. Nilianza kumwandikia jibu la mistari miwili, nikajikuta naandika habari za nyumbani kwetu.

Nimempigia mama kumwomba ruhusa kabla ya kupost. Amesema andika, ila majina badilisha. Nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na yale yaliyotokea nikiwa mdogo sana nayasema nilivyosimuliwa na wenyewe.

Kwanza jibu, ili mkuu asisubiri.

Ukipima kwa mstari ulionyooka, Kindu na Kinshasa zimeachana kilomita elfu moja na mia moja na kitu. Ndege kubwa ikienda direct ni kama saa mbili. Zile za pangaboi ni zaidi. Na mara nyingi ndege haiendi direct, inapita kwanza mji mwingine kushusha watu na mizigo, kwa hiyo usipange mkutano siku unayofika.

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko nyuma ya Kindu kwa saa moja. Ukiondoka Kindu saa nne asubuhi, unatua Kinshasa saa za kule zinasoma saa tano. Ukiangalia ukutani unaona kama umesafiri saa moja tu.

Hilo ndilo jibu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Sasa twende kwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa reli pale Kindu. Nimwite Saidi. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni alipotumwa Kinshasa kwa mafunzo ya wiki chache. Alipanda ndege asubuhi, mchana akawa Kinshasa. Mama anasema hata hakumfungia chakula cha maana, kwa sababu mtu wa safari ya saa mbili unamfungia nini?

Kabla mafunzo hayajaisha, vita vikaanza.

Kwa ambao hamjui, nchi ilikatika vipande. Kinshasa ikabaki upande wa serikali, sisi Kindu tukawa upande wa waliokuwa wanapigana nayo. Ndege kati ya pande mbili hakuna. Barua hakuna. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Ukilitaja tu jina la Kinshasa kwa sauti sokoni, watu wanakuangalia.

Na kule Kinshasa siku zile za mwanzo ilikuwa vibaya zaidi kwa mtu wa mashariki. Ukifungua mdomo ukatoka Kiswahili, unaonekana adui.

Baada ya muda akaja mfanyabiashara mmoja aliyetoka kule kwa kuzunguka: Kinshasa, Nairobi, kisha Goma, ndipo Kindu. Alimwambia mama kwamba Saidi alichukuliwa na watu wenye bunduki mtaani, yeye akiona kwa macho yake, na hakurudi.

Mama hakuamini. Akangoja.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili, na ninaomba mumsikilize vizuri kwa sababu ni rahisi kumhukumu.

Nimwite Papa Ramazani. (Kwetu papa ni baba, wa Tanzania msinicheke, siongelei samaki.) Alikuwa anafanya biashara kwa baiskeli. Anabeba chumvi, sabuni na mafuta ya mawese, anapita njia za msituni mpaka Punia, mpaka Lubutu, anarudi. Baiskeli yenyewe haipandwi, inasukumwa, maana mzigo umezidi na njia ni matope.

Mwaka ule chumvi ilipopotea Kindu nzima, alikuwa anapita nyumbani kwetu na kumwachia mama kiasi kidogo kwenye jani. Anauliza mtoto anaendeleaje, anaondoka.

Mapigano yalipousogelea mji, alimwambia mama twende kwa dada yake, aliyekuwa analima huko Obokote. Akaacha mzigo wake wa biashara kwa jirani, akanifunga mimi juu ya baiskeli mahali pa gunia, mama akafuata kwa miguu. Ule msitu tuliukatiza kwa siku nyingi. Mimi ninachokumbuka ni mgongo wa shati lake tu na harufu ya sabuni, kwa sababu lile carrier lilikuwa limezoea sabuni.

Tulikaa Obokote muda mrefu. Dada yake alitupa kipande cha shamba, mama akapanda mpunga na muhogo.

Wakati huo huo, kumbe baba alikuwa hai. Walimshikilia miezi kadhaa, wakamwachia. Akawa anafanya kazi kwenye gereji moja Kinshasa, na mara mbili alituma maneno kwa watu waliokuwa wanazunguka kupitia Nairobi. Mmoja hatujui aliishia wapi. Wa pili alifika kabisa Kindu, akaenda kwenye nyumba yetu ya zamani, akakuta watu wengine wamehamia. Wakamwambia wale walikimbilia msituni, labda wamekufa.

Jibu lilipomfikia, na yeye kule akawa anatulilia.

Tuliporudi Kindu, wazee wa mama wakamwendea. Waislamu wa Kindu mambo ya ndoa tunayapeleka kwa masheikh. Masheikh wakakaa, wakasema muda aliongoja unatosha, huyo mume ahesabiwe amekufa. Mama akakaa eda. Akamlilia baba kama mtu anayemzika, matanga yakafanyika, watu wakala, wakasoma dua.

Baadaye Papa Ramazani akaja kuposa kwa heshima zote. Mama akakubali. Akazaliwa mdogo wangu wa kiume.

Mtoto alikuwa bado ananyonya, vita vikatulia, ndege za Kinshasa zikaanza kurudi.

Siku moja asubuhi Papa Ramazani alikuwa kwenye kibanda cha phonie. Phonie ni ile redio ya kuitana: unasema, unaachia kitufe, wa upande wa pili anajibu, na wote waliopanga foleni wanasikia. Yeye alikwenda kuulizia bei ya chumvi Kisangani. Mwenye kibanda alikuwa mgeni mjini, na foleni ile ilikuwa ya wafanyabiashara wa Punia wasiotujua.

Redio ikaita kutoka Kinshasa. Kuna mtu anaulizia familia ya Saidi wa reli.

Mwenye kibanda akauliza foleni, "Nani anajua bibi ya Saidi wa reli?"

Bibi kwetu ni mke.

Wakuu, Papa Ramazani angeweza kuondoka. Hakuna hata mmoja pale aliyemjua. Nimemuuliza nikiwa mtu mzima, akaniambia kweli alifikiria kuondoka, na miguu yake ilikuwa imeshageuka upande wa barabara.

Halafu akarudi, akashika ile redio.

"Namujua. Iko muzima. Mutoto naye iko muzima. Kuya, tunakungoja."

Upande wa pili, anasema, alisikia mtu anapumua tu. Kisha sauti ikasema atakuja na ndege ya kwanza atakayopata nafasi.

Papa Ramazani akasukuma baiskeli mpaka nyumbani. Mama alikuwa anatwanga sombe, kisamvu chenu, uani.

"Mama Zaina, kaa kwanza."

"Niko natwanga, sema tu."

"Kaa."

Mama akakaa juu ya kinu kingine kilicholala.

"Saidi iko muzima. Nimesema naye leo. Anakuya na ndege."

Mama alimwangalia, akasema, "Ramazani, kitu ile watu hawachezeake."

"Sichezi."

Mama akaingia ndani, akafunga mlango, hakutoka mpaka alasiri. Sombe ilibaki nje, kuku wakaila.

Papa Ramazani hakugonga mlango. Alichukua nguo zake zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba, akazikunja, akaenda kulala kwa kaka yake. Aliondoka kabla mtu yeyote hajamwambia aondoke. Alisema atakaa huko mpaka Saidi na mama wenyewe wakae waamue.

Siku ya ndege mama alikataa kwenda uwanjani. Alisema hawezi kusimama pale mbele ya watu na mtoto wa mwingine kifuani. Kwa hiyo aliyenipeleka kumpokea baba yangu ni Papa Ramazani, kwa ile ile baiskeli.

Nilikuwa na kama miaka sita. Nakumbuka kelele ya ndege, watu wakikimbilia uzio. Nakumbuka mwanaume mwembamba anashuka na begi moja, anaangalia watu mmoja mmoja. Macho yake yalipita juu yangu kabisa, yakaendelea. Alikuwa anatafuta mtoto mdogo.

Papa Ramazani akamwendea. "Saidi?"

"Wewe njo ule wa kwa phonie?" (Njo kwetu ni ndiye, ndiyo.)

"Njo mimi. Na huyu njo Zaina."

Baba akachuchumaa. Akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akanishika masikio yote mawili kwa vidole, taratibu, kama anahakikisha. Baadaye nilijua kwa nini: masikio yangu ni ya mama yake.

Sikulia. Nilijificha nyuma ya Papa Ramazani, nikamshika suruali. Nadhani pale ndipo baba alipoanza kuelewa.

Tukaanza kutembea. Baba alikuwa anaongea sana, kama watu wenye woga wanavyoongea. Anasema, "Saa mbili, ndugu yangu. Nilifunga macho kidogo, nikaambiwa tumefika. Saa mbili! Ningekumbuka iko karibu vile ningekuya kwa miguu."

Papa Ramazani akasimamisha baiskeli pembeni.

"Saidi, mbele tufike nyumbani, iko neno moja. Lazima ulisikie katika kinywa yangu, usilisikie kwa watu."

Akamwambia yote. Habari za yule mfanyabiashara, chumvi, Obokote, masheikh, matanga, ndoa, mtoto. Hakuficha na hakujitetea.

Baba akakaa juu ya begi lake kandokando ya njia. Watu wanapita na baiskeli, wanatusalimia, hatujibu.

Mwisho akasema, "Uliwaokoa, ao ulinichukulia?"

Papa Ramazani akasema, "Yote mbili."

Baba akainuka kama anataka kumpiga. Nilimwona amekunja mkono. Papa Ramazani hakurudi nyuma, aliniweka tu mimi pembeni na baiskeli. Wakasimama hivyo.

Halafu baba akauliza, "Miaka ile yote alikosa nini?"

"Chumvi, ule mwaka. Lakini hata matajiri walikosa."

Baba akakaa tena. Akalia kwa sauti, mtu mzima, jua likiwaka. Papa Ramazani akakaa chini upande wa pili wa njia, hakumgusa, akangoja mpaka amalize.

Kikao cha masheikh kilifanyika siku ya pili. Mimi sikuwemo, haya amenisimulia mama. Kwa walivyosoma wao, baba alikuwa na haki ya kuchagua: amrudie mke wake, au amwache alipo. Wakamgeukia yeye wamsikilize.

Mama akasema, "Na mimi nani ananiuliza?"

Mzee mmoja akamwambia atulie. Baba akasema, "Acheni aseme."

Mama akamwambia, "Saidi, mimi sikukuacha. Nilikuzika. Nilikulilia mpaka machozi yakaisha kabisa, nikasimama. Leo nakuona, nafurahi, Mungu njo anajua. Lakini ule mwanamuke uliyeacha hapa, nilimuzika naye pamoja na wewe."

Anasema baba aliinamisha kichwa, masheikh wakaanza kuangaliana. Kisha akasema, "Basi. Akae kwa bwana yake. Mimi naomba mutoto anijue tu."

Kikaisha.

Sitaki mfikiri ilikuwa rahisi. Baba alikaa Kindu wiki kadhaa, alikuwa anakuja kunichukua tunaenda kuangalia mto Lualaba, pirogi, yaani mitumbwi, zinavuka kwenda na kurudi. Kuna siku alikuwa haongei kabisa. Mama naye alikonda. Papa Ramazani alirudi nyumbani baada ya mama mwenyewe kumtuma mtu amwite, na hata hapo alikaa siku kadhaa analala chumba cha mbele.

Baba akapanda ndege akarudi Kinshasa. Kazi yake ilikuwa kule. Baadaye akaoa, mama wa huko, mtu mzuri sana, ananisemesha Kilingala mpaka leo, mimi namjibu Kiswahili, tunaelewana.

Simu zilipofika Kindu, baba akawa anapiga kila Ijumaa baada ya swala. Anaongea na mimi, anamsalimia mama, anamsalimia Papa Ramazani. Zile salamu za wanaume: "Uko?" "Niko." "Basi." Miaka inapita hivyo.

Sasa nije mwaka huu.

Papa Ramazani aliumwa. Uvimbe tumboni. Madaktari wa Kindu wakasema apelekwe Kinshasa afanyiwe upasuaji. Nilipopata habari nilianza kutafuta wapi atafikia. Nikapiga huku na huku, nikiogopa kumwambia baba, maana unaanzaje?

Mama akampigia mwenyewe. Sijui walisema nini. Baadaye baba akanipigia mimi, kwa hasira:

"Zaina, nasikia unatafutia watu nyumba Kinshasa. Mimi nimekufa mara ya pili?"

Nikachukua likizo, nikaenda Kindu, tukasafiri watatu. Papa Ramazani alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani. Alikaa dirishani, ameshika mkanda kwa mikono miwili. Ndege ilipopanda akaona msitu, kijani tu mpaka macho yanachoka, akauliza, "Njia iko wapi?"

Nikamwambia huku juu njia haionekani.

Mama alikaa katikati yetu. Tulipoambiwa tunatua, alinishika mkono, akaniuliza, "Safari njo imeisha?" Nikamwambia imeisha. Akageuza uso. Niliona anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Baba alikuwa amefika uwanjani mapema sana, mkewe aliniambia. Akamchukua Papa Ramazani begi, akamshika mkono, wakatembea polepole kuelekea kwenye gari, sisi nyuma.

Hospitali, muuguzi wa mapokezi alikuwa binti wa Bukavu, aliposikia tunaongea Kiswahili akafurahi. Akamuuliza baba, "Huyu mgonjwa njo nani kwako?"

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Tukawa tunamwangalia wote. Mwisho akasema kwa upole:

"Mwenzangu."

Mama alicheka, wakuu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Papa Ramazani pale kwenye kiti cha magurudumu, na maumivu yake yote, akaanza kucheka, anashika tumbo, anasema, "Musinichekeshe, nitapasuka mbele ya daktari." Baba naye akashindwa kujizuia. Yule binti wa Bukavu anatuangalia tu, hajui ameuliza nini kibaya.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa sijawahi kuwaona wote watatu wanacheka pamoja.

Upasuaji ulikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Mama akarudi Kindu kwa sababu ya wajukuu. Mimi nikarudi Dar. Papa Ramazani akabaki kwa baba apate nguvu.

Amepata nguvu zamani. Anakula, anatembea mpaka sokoni, nasikia baba anampeleka gereji anamkalisha kwenye kiti, anamwonyesha magari. Jioni wanabishana habari za baiskeli na treni, kipi kilibeba Maniema zaidi.

Mama kila wiki anampigia baba kumuuliza bwana wake anarudi lini. Baba anamjibu ndege zimejaa.

Jana nimeingia mwenyewe mtandaoni kuangalia. Nafasi zipo, tele.

Nimempigia baba kumwambia. Akasema, "Acha kwanza, Zaina. Wiki ijayo tutaona."

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Mkuu uliyeuliza, ukishajua kilomita na masaa, uliza pia kama njia iko wazi. Ikiwa wazi, kata tiketi uende ukawaone watu wako, usingoje sababu. Sisi tunaodharau safari ya saa mbili ni kwa sababu hakuna aliyetufungia njia.

Wenye uzoefu wa njia hiyo, au ambao vita viliwatenganisha na watu wao mkaja kukutana, karibuni tuongee. Na kama kuna anayeona mama alikosea, aseme pia, ila kwa adabu. Huwa anasomewa humu.